Walimu Wako Kijijini Tayari

Ukiishi Uvira, mashariki mwa Kongo, huwezi kukosa kuisikia kauli hii, iwe kwenye mkutano wa elimu, kwenye mahubiri au barazani: vijana wa leo hawataki kufundisha kijijini. Wanamaliza sekondari upande wa pedagojia, kisha wanabaki mjini kuuza vocha za simu na kuendesha pikipiki, huku shule za Ubwari, za Kazimia na za milima ya Lemera zikilia upungufu. Kauli hiyo huja na dawa zake. Wengine wanasema wapelekwe kwa amri. Wengine wanasema wajengewe nyumba nzuri ili wavutike. Wengine, hasa wazee, wanasema wito umekufa na lazima ufufuliwe. Wanaosema hivyo ni watu wa heshima, na uchungu wao ni wa kweli. Lakini wamekosea tangu mwanzo wa hesabu, na kosa hilo limekwisha kuwagharimu watoto wa vizazi viwili.

Toka Uvira ushuke na barabara ya taifa namba 5, upite Kalundu, Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka. Ingia katika shule yoyote ya msingi, hata ile iliyo mbali na lami iliyokwisha zamani. Utakuta walimu. Panda milima nyuma ya Lemera, utakuta walimu. Vuka ghuba ya Burton kwa mtumbwi uingie Ubwari, utakuta walimu. Asubuhi wako mbele ya watoto sitini au themanini, wengi wao wakiwa wamekaa juu ya matofali au magogo, na kipande cha chaki kimevunjwa mara mbili ili kifike Ijumaa. Wengi wa walimu hao wamezaliwa hapo hapo au kilima cha jirani. Hakuna aliyewavuta, hakuna aliyewapanga kwa nguvu. Mtu yupo. Mshahara wake ndio haupo.

Mfumo wetu wa elimu unawajua hawa watu na umewapa majina. Yupo mwenye matrikule, yaani namba ya utumishi, anayelipwa. Yupo mwenye matrikule ambaye jina lake limeandikwa Kinshasa lakini pesa hazimfikii. Huyo ni NP. Yupo NU, anayehesabiwa kuwa mwalimu mpya anayesubiri kuandikishwa, na katika hao wapya kuna waliokwisha fundisha miaka kumi na zaidi. Na yupo omis, aliyekuwa akilipwa vizuri hadi mwezi mmoja jina lake likaruka kwenye listi, na hadi leo hajaelezwa kwa nini. Nenda katika shule ya kijijini, uulize walimu sita wa madarasa sita kila mmoja yuko kundi gani. Utatoka na jibu la swali zima la walimu wa vijijini kabla jua halijafika utosini.

Shule yenyewe nayo ina hali yake. Inaweza kuwa na arete, yaani hati ya waziri inayoitambua, yenye muhuri na namba, na bado isiwe katika bajeti. Hapo walimu wote hawalipwi, direkta pia halipwi, na hakuna pesa ya chaki wala ya daftari la mahudhurio. Wanavijiji waliosimamisha kuta za udongo, wakakata miti na kuezeka mabati kwa jasho lao, huamini kwamba karatasi ya waziri ndiyo mwisho wa safari. Kumbe safari ndefu ndiyo inaanza.

Niliwahi kukaa na mwalimu mmoja wa darasa la tatu, kusini mwa Makobola, nyumbani kwake. Aliingia chumbani akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, kwa sababu nyumba inavuja. Ndani yake kulikuwa na nakala ya diploma ya serikali, barua ya kupangiwa kazi, cheti cha kuanza kazi chenye sahihi ya direkta, kadi ya mpiga kura, na picha nne ndogo ambazo sasa zinaonyesha uso wa kijana zaidi kuliko ule uliokuwa mbele yangu. Jalada lile lilikwisha kupelekwa mara nyingi kwenye ofisi za Uvira, na kila mara aliambiwa limekwenda juu, au limerudi, au kuna karatasi imebadilika sura na lazima aanze upya. Usiku usio na mwezi hupanda mtumbwi na wenzake, huwasha taa na kuvua ndagala hadi alfajiri. Akitoka ziwani huoga na kwenda shule. Siku hizo huwasomea watoto imla akiwa ameketi, kwa kuwa miguu haimbebi. Mkewe aliniambia bila kinyongo: “Watu wa huku wanamwita Mwalimu. Serikali ndiyo haijamwita bado.” Mtu huyu ndiye tunayeambiwa kwamba hataki kufundisha kijijini.

Jambo hili lina historia, na asiyeijua atamlaumu asiyehusika. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Februari 1977 ikazirudisha kwa mkataba ambao ndio unaotutawala hadi leo: serikali inalipa na kukagua, dini inaendesha. Ndiyo maana shule nyingi za umma huku kwetu ni za Kikatoliki, za makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC na CELPA, za Waislamu. Mkataba ule uliheshimiwa mpaka upande mmoja ulipoacha kutimiza wajibu wake. Mfumuko wa bei wa mwanzo wa miaka ya 1990 ulimeza mishahara, na mwaka wa shule wa 1991–1992 ukapotea wote. Waliokuwa wanafunzi wakati ule bado wanauita mwaka mweupe. Shule zilipofunguliwa tena, ilikuwa kwa mapatano kwamba mzazi atoe kitu cha kumtia moyo mwalimu. Mpango huo wa dharura ulidumu zaidi ya miaka 25.

Tuangalie mpango ule ulifanya nini kijijini. Tangu siku ile, pato la mwalimu lilipimwa kwa mfuko wa mzazi. Mzazi wa katikati ya Uvira, mwenye duka sokoni Mulongwe au mzigo bandarini Kalundu, aliweza kutoa. Mzazi wa Swima alitoa ndoo ya muhogo, au samaki, au ahadi. Juu ya hayo, kwa miaka mingi serikali yenyewe iligawa mishahara kwa kanda: mwalimu wa Kinshasa alilipwa zaidi kuliko mwalimu wa mikoani mwenye diploma ile ile na miaka ile ile ya kazi. Kufuta kanda hizo za mishahara na kuleta posho ya porini ni madai ambayo vyama vya walimu vimeyapeleka mezani mara kwa mara, yakaandikwa katika mapatano waliyofikia na serikali huko Bibwa, Kinshasa. Basi kwa robo karne mfumo mzima, wa juu na wa chini, ulimlipa zaidi aliyekaa mjini na ukamwadhibu aliyebaki kijijini. Na bado wako waliobaki. Anayewatazama watu hao na kuhitimisha kwamba tatizo ni tabia ya vijana, amewakosea haki.

Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alianzisha elimu ya bure katika shule za msingi za umma, jambo ambalo kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilikuwa kimeliamuru tangu zamani. Niliiunga mkono siku ile na ninaiunga mkono leo. Wasichana waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa deni la minervali, yaani ada ya shule, waliingia darasani na kubaki humo. Lakini mzigo wa uamuzi ule ulimwangukia mtu asiyekuwa na bega la kuubeba. Mwalimu mwenye matrikule alipoteza mchango wa mzazi, akabaki na mshahara. NU alipoteza mchango wa mzazi, akabaki na nini? Siku hiyo hiyo darasa lake likaongezeka watoto. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, na mikono ya NU ilifanywa mitupu kwa tangazo moja. Serikali iliahidi kuwaandikisha, na ni kweli maelfu nchini waliandikishwa. Waliobaki nje ni akina nani? Ni wale walio mbali na ofisi.

Maana kuandikishwa ni kazi ya kufuatilia. Jalada linatoka shule kwenda kwa msimamizi wa mtandao wa dini, linakwenda sudivizioni ya elimu, linakwenda divizioni ya elimu ya Sud-Kivu 2 hapa Uvira, linakwenda kwa SECOPE, ofisi ya orodha za mishahara ya walimu ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE, kisha Kinshasa. Kila kituo kinataka mtu wa kusukuma. Mwalimu wa mjini hupita ofisini akitoka kazini, anamsalimia karani, anauliza. Mwalimu wa Ubwari akitaka kuuliza swali lile lile anatafuta nauli ya mtumbwi, nauli ya gari, mahali pa kulala Baraka, mahali pa kulala Uvira, na anayemshikia darasa. Asiyekuwepo na lake halipo. Hivi ndivyo namba za mshahara zinavyokusanyika mjini hata kama hakuna aliyekusudia uovu, na pale penye uovu, zinakusanyika haraka zaidi.

Hata akishaandikishwa, kijiji kinaendelea kumpokonya. Tangu mageuzi ya 2011 mishahara ya watumishi wa serikali inapitia benki, na pale ambapo benki haipo, Caritas ilipewa kazi ya kuwafikia walimu. Yalikuwa mageuzi mema. Yalifunga baadhi ya mianya ya zamani, pale bahasha ilipopita mikono mingi na kufika imekonda. Lakini kwa mwalimu wa kilimani bado mshahara ni safari. Anaacha darasa, anatembea, analala, anapanga mstari, anaambiwa mtandao umekata au noti zimekwisha, analala tena. Akirudi, sehemu ya pesa imebaki njiani. Watoto wake wamekaa siku kadhaa bila mwalimu, na hii hutokea kila mwezi wenye mshahara. Jumlisha siku hizo kwa mwaka wa shule, kisha uje unieleze kuhusu wito.

Wito wenyewe nauheshimu, na siwezi kuwaachia wanaoutumia kama fimbo. Wazee wetu husimulia walimu wa misheni: waliovaa kaptula iliyopigwa pasi, waliojua kila mtoto kwa jina la babu yake, waliofundisha asubuhi, wakaongoza kwaya jioni na kuandika barua za kijiji kizima. Nimekua nikisikia sifa hizo na ninaziamini. Lakini waulize wazee wale wale mwalimu huyo aliishi vipi. Alikuwa na nyumba ya misheni. Alikuwa na shamba. Alikuwa na baiskeli, tena wakati ambapo baiskeli ilihesabika mali. Mshahara wake, hata mdogo, ulifika, na watu walijua umefika kwa sababu aliwakopesha. Kijana wa kilimani alitaka kuwa mwalimu kwa kuwa alimwona mwalimu akila. Leo kijana huyo anamwona mwalimu akikopa chumvi kwa mama wa mwanafunzi wake. Tukitaka wito wa zamani turudishe na nyumba, na baiskeli, na mshahara uliofika. Vinginevyo tunamtaka kijana wa leo atoe sadaka ambayo babu yake hakuombwa.

Wanaotaka amri wananiambia nitazame majirani. Nimetazama. Kwanza, kwetu serikali haina hata mkono wa kumpanga mwalimu kama inavyofanya Tanzania. Hapa wanaopendekeza na kuajiri ni wasimamizi wa mitandao ya dini na wakuu wa shule, na amri ya Kinshasa inafika kwao ikiwa imechoka. Pili, huko kwenye mkono wenye nguvu nako maombi ya uhamisho kutoka vijijini hayaishi. Tatu, kuna mfano wa Kenya ambao kila mtu wa mashariki mwa Kongo angepaswa kuujua. Kaunti za kaskazini mashariki, Garissa, Wajir na Mandera, kwa muda mrefu zilitegemea walimu waliotumwa kutoka sehemu nyingine za nchi. Tarehe 22 Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera na kuwaua abiria 28, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Wenzao walikataa kurudi, na nani angewalaumu? Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawaondoa wasio wenyeji katika maeneo hayo. Shule zikabaki na madawati tu. Nchi yenye bajeti kubwa kuliko yetu, yenye tume ya walimu yenye meno, iligundua kwa damu kwamba mwalimu aliyeletwa kutoka mbali ndiye wa kwanza kulazimika kuondoka. Sisi ambao vita vimekuwa jirani yetu tangu 1996, tunawezaje kuujenga mpango wetu juu ya mtu wa namna hiyo?

Hapo najibiwa kwamba na mwenyeji naye hukimbia. Ni kweli. Makobola wanajua kukimbia, Mutarule wanajua, Bijombo wanajua. Februari 2025 Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia Uvira, na Desemba mwaka huo huo vita vikaingia Uvira yenyewe, watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Risasi haichagui mwenyeji na mgeni. Lakini bunduki zikinyamaza, nani anarudi kwanza kuufungua mlango wa shule? Ni yule mwenye shamba la muhogo nyuma ya darasa, mwenye kaburi la mama yake kando ya kanisa. Yule wa kutumwa anasubiri mjini barua mpya ya kupangiwa. Tuliliona hili kwa macho yetu kuanzia Oktoba 2005, meli zilipoanza kuwaleta wakimbizi wetu kutoka Kigoma hadi Baraka. Miongoni mwao walikuwamo waliofundisha miaka na miaka katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, wakifuata programu ya Kongo chini ya mahema na mabati ya msaada. Walirudi Fizi kwa hiari yao, wakajenga madarasa kwa miti na majani, wakaanza kufundisha kesho yake. Lilikuwa jeshi zima la walimu wenye uzoefu, wakiwa tayari kijijini, bila serikali kutumia hata faranga moja kuwavuta. Kazi pekee iliyobaki ilikuwa kuwaandika, na hilo halikufanyika kwa kadiri ilivyostahili. Waliochoka wakarudi ziwani, wengine wakaingia migodini, wengine wakavuka tena kwenda Kigoma.

Pingamizi zito kuliko yote ni la ubora, na hili sitalipita mbio. Wakaguzi wanasema: hao wenyeji unaowatetea wengi ni D4, wenye miaka minne tu ya sekondari, au ni D6 wa miaka sita waliopata diploma kwa tabu, Kifaransa chao kinachechemea, hesabu za darasa la sita zinawashinda. Ukiwaandikisha kwa wingi utakuwa umeupanda ujinga kijijini kwa miaka 30. Nimewaona walimu wanaokosea ubaoni, na nimeona mtoto akinakili kosa hilo kwa mwandiko mzuri. Inauma. Lakini mkaguzi anayesema hivyo ajibu kwanza: mbadala wake ni upi? Yule D6 bora wa Uvira unayemsubiri, umemsubiri tangu 1992 na hajafika. Wakati ukimsubiri, huyu wa kijijini ndiye aliye darasani kila siku, awe ameandikishwa au hajaandikishwa. Kutomlipa hakumwondoi kwa watoto. Kunamfanya afundishe akiwa na njaa na usingizi, bila kitabu, bila sababu ya kujiendeleza. Kama ni dhaifu, umaskini haumnoi.

Tanzania ilipita njia hii. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, walitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na hawakuwa na walimu. Waliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakawafundisha ualimu hapo hapo walipoishi: nusu ya siku wakijifunza, nusu ya siku wakifundisha. Watanzania hadi leo wanawabeza walimu wa UPE, mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, na kasoro zilikuwepo kweli. Lakini kizazi kilichofundishwa na walimu wale kilisoma barua zake chenyewe. Na sisi hatuanzii walipoanzia wao. Kijana wetu wa D6 amekaa sekondari miaka sita, akajifunza pedagojia na saikolojia ya mtoto, akafanya mazoezi ya kufundisha, akafanya mtihani wa taifa. Kama Tanzania ya 1974 iliweza kusimama na darasa la saba, kwa nini Fizi ya leo isisimame na D6? Kinachohitajika ni mkaguzi mwenye pikipiki na mafuta, seli ya pedagojia, yaani kikao cha walimu cha kunoana, inayokutana kweli badala ya kuandikwa tu katika ripoti, na vitabu. Mengi ya hayo yamo katika taratibu zetu tayari, yanasubiri mtu wa kuyatekeleza.

Tena kuna ubora ambao mkaguzi haupimi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya taifa au lugha ya mazingira yake. Mtoto wa darasa la kwanza Lemera anaota kwa Kifuliiru; wa Fizi anaota kwa Kibembe. Mwalimu mwenyeji akiona uso wa mtoto umefunga, anageuza sentensi, anaitoa kwa lugha ya nyumbani, kisha anairudisha kwa Kiswahili, na baadaye kwa Kifaransa. Mgeni bora kutoka chuo hawezi kufanya hivyo hata kama anajua Kifaransa cha Paris. Nao wasichana wanaomaliza pedagojia Baraka au Mboko, ambao hakuna mzazi atakayekubali watumwe peke yao kilima cha mbali, wangeweza kufundisha kijijini kwao wakilala kwao. Shule nyingi za huku zina mwalimu mwanamke mmoja au hazina hata mmoja, na binti wa darasa la tano anaona jambo hilo bila kuambiwa.

Kuhusu nyumba za walimu nitasema kidogo, kwa sababu ni hoja inayopendwa na mashirika. Jengeni, hakuna anayekataa. Katika mvua ya Aprili 2020, mito ya Uvira ilipofurika na Mulongwe kubomoa nyumba na madaraja, na ziwa lilipopanda baadaye likaingia mitaani, walimu walipoteza nyumba kama watu wengine. Ila mwenyeji ana nyumba yake tayari, ya udongo lakini yake. Ukimwuliza achague kati ya nyumba mpya na mshahara wa kila mwezi, hatafikiri mara mbili. Tumeona majengo mazuri ya shule yenye bango la mfadhili ukutani, na ndani yake mwalimu asiyelipwa. Mfadhili hujenga ukuta kwa sababu ukuta unapigwa picha siku ya kukabidhi.

Kinachofanya kazi kinajulikana, na hakikutoka Ulaya. Gambia, nchi maskini, mwaka 2006 ilianza kumwongezea mwalimu wa shule ya mbali kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara, kwa kipimo cha umbali kutoka barabara kuu. Walimu wenye sifa wakaanza kuomba wenyewe kuhamia shule hizo. Walikuwa binadamu kama sisi, si wazalendo kuliko walimu wa Sud-Kivu. Pesa ilipofuata umbali, na wao waliufuata. Kwetu pesa ilikimbia umbali kwa miaka mingi, halafu tunashangaa wengine walipoifuata mjini.

Sasa litasemwa lililozoeleka, kwamba hakuna pesa. Septemba 2024 walimu wa shule za umma wa mkoa wetu waligoma wakidai mshahara wa dola 500, na waliambiwa hayo hayo. Sitabishana kuhusu dola 500 hapa, ingawa naona ni dai la haki. Nazungumzia NU ambaye hana hata dola moja. Pesa yake ilikuwepo, ikaliwa. Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulipochunguza malipo ya walimu ulikuta shule hewa na walimu hewa, na mwaka 2021 mkurugenzi wa SECOPE alihukumiwa Kinshasa kwa ubadhirifu. Yaani katika nchi hii, mwalimu asiyekuwepo duniani aliweza kupata matrikule, na yule anayevua ndagala usiku ili afundishe asubuhi akakosa. Palipokuwa na nafasi ya asiyekuwepo, nafasi ya aliyepo ilikuwepo.

Kwa hiyo madai yangu ni madogo kuliko mipango mikubwa inayosomwa kwenye mikutano. Namba yoyote mpya ya mshahara inayoletwa Sud-Kivu 2 ianzie kwa shule iliyo mbali zaidi na ofisi, ije mjini mwisho. Afisa wa DINACOPE ndiye apande mtumbwi kwenda Ubwari na kupanda mlima kwenda Lemera kuandika walimu darasani, badala ya mwalimu kuyafuata maandishi Uvira. Namba iwe ya kiti cha shule, ili anayehamia mjini aiache pale kwa atakayemrithi. Posho ya porini iliyoahidiwa ilipwe kwa kipimo cha umbali, mshahara upitie simu pale mtandao unapofika, na pale usipofika mlipaji aende. Na kila muhula orodha nzima ya wanaolipwa kwa jina la shule hiyo, majina na matrikule, ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya direkta na isomwe mbele ya wazazi. Mkaguzi wa Kinshasa anaweza kudanganywa kwa karatasi yenye muhuri, lakini mama wa Swima anawajua walimu sita wa shule ya mtoto wake kwa sura, kwa jina na kwa deni la sabuni. Likisomwa jina la saba, atasimama aulize ni la nani.